Nani Ameharibu Bonde? Kauli za Kitenzi katika Filamu za Makala za Mazingira

Filamu za makala za mazingira zinazokusudiwa wanafunzi wa sekondari na mikutano ya vijiji huhakikiwa, kama zikihakikiwa kabisa, kwa vigezo vya picha na vya usahihi wa takwimu. Lugha yake huchukuliwa kuwa chombo tu cha kupitishia ujumbe. Uhakiki huu unashikilia kwamba upungufu mkubwa wa filamu hizo umo katika lugha, hasa katika kitenzi, na kwamba Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuupimia upungufu huo, kwa sababu huko kuchagua kauli ya kitenzi ni kuchagua upande. (Nasema hivi nikijua kwamba wenzangu wa fasihi hawapendi filamu ihukumiwe kwa mnyambuliko.)

Mkondo huu ni wa zamani. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika Milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kodi, akiba na mmomonyoko wa udongo. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha. Maelezo yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo wanavijiji walionekana bila kusikika: msimulizi alijua, mkulima alielekezwa. Vifaa vimebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Mgawanyo huo wa kazi umebadilika kidogo sana.

Anayeendelea kujua ni msimulizi, na sarufi humsaidia kuficha anachokijua. Katika kauli ya kutendwa mtenda anaweza kuachwa, lakini nafasi yake hubaki wazi: mtu akisema “miti ilikatwa”, msikilizaji ana haki ya kuuliza ilikatwa na nani. Kauli ya kutendeka huifuta hata nafasi hiyo. “Ardhi imeharibika” hulipokea jina la mtenda kwa shida sana. Vitenzi si elekezi kama kukauka, kupungua na kutoweka hufanya kazi hiyohiyo. Mfano ulio karibu na bonde ni wa chura wa Kihansi, aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 1996 katika korongo la mto unaomwaga maji yake Kilombero. Kusema “chura hao walitoweka” si uongo. IUCN ilitangaza mwaka 2009 kwamba hawapo tena porini. Hata hivyo, kitenzi hicho kimemeza historia nzima: maji ya mto yaligeuzwa kuelekea mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko yakakatika, vinyunyizio vya bandia vikafungwa, kisha ugonjwa wa ukungu ukawapata viumbe waliokwisha dhoofu. Kijana anayesikia “walitoweka” peke yake hajifunzi ikolojia. Anajifunza msiba usio na sababu.

Sasa tulitazame bonde lenyewe. Eneo lake oevu liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, likiwa na karibu kilomita za mraba 8,000, na lilijulikana kuwa makazi ya sehemu kubwa ya sheshe wote duniani. Mto wake huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Maji hayo yanatakiwa na mkulima wa mpunga, mvuvi, mfugaji, mashamba makubwa, wanyamapori na Bwawa la Julius Nyerere kwa pamoja. Katika mazingira hayo ni ajabu kwamba masimulizi yanayopenda kauli ya kutendeka huwa na mtenda mmoja anayetajwa bila kusita, yaani “mvamizi”. Kiambishi tamati -zi si cha kupuuzwa: hugeuza tendo kuwa sifa ya kudumu ya mtu. Aliyeingia na ng’ombe ni mvamizi. Aliyeingia na hati ni mwekezaji. Wote wawili walitoka nje ya bonde, na wote wawili wametumia ardhi na maji yake. Sidai kwamba mifugo haikuleta madhara. Nadai kwamba baada ya wafugaji kuondolewa bondeni katika operesheni ya 2012, jina hilo halina tena usalama wa kamusi. Katika darasa la kidato cha pili Ifakara, mtoto wa Kisukuma au wa Kibarabaig hukaa dawati moja na mtoto wa Kindamba, na filamu inapotamka “wavamizi” darasa zima hujua nani wa kugeukiwa.

Msamiati nao una mitego yake. Kwa mkulima wa bondeni, mbuga ni tambarare ya udongo mzito inayofunikwa na maji na kupandwa mpunga, ambamo mtu hujenga dungu na kulinda ndege. Kwa msimulizi, mbuga ni pahali pa wanyama. Vivyo hivyo mafuriko. Masika ya 2024 yalionyesha kwamba maji yanaweza kuwa maafa, lakini mafuriko ya kila mwaka ndiyo yanayorutubisha mashamba na kuwapa kambale na perege mahali pa kuzaliana. Filamu inayolitumia neno hilo kwa maana ya janga tu inawafundisha vijana kuuogopa mwaka wao wenyewe.

Kwamba inawezekana kusema vingine kunaonyeshwa na Thank You for the Rain (2017), ya mwongozaji Mnorwe Julia Dahr na mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, aliyejirekodi mwenyewe kwa miaka kadhaa. Nafsi ya kwanza inatawala. Dhoruba inapoharibu nyumba, anayeieleza ndiye aliyelala humo. Sehemu inayofuata safari yake ya mkutano wa Paris wa 2015 naiona dhaifu zaidi, kwani mkulima anaanza kumwambia Mzungu kile ambacho mwanzoni alikuwa akiwaambia jirani zake. Mikutano yake na jirani hao, wanaosita na wanaohitaji kushawishiwa, ndiyo yenye thamani kwa watazamaji wa Ifakara, kwa sababu humo kila tendo lina mwenyewe.

Linabaki suala la lugha za bondeni. Mzee wa Kindamba aliyekulia mtoni ana majina ya samaki na ya hatua za maji yanapopanda na kushuka, na filamu ya dakika ishirini haiwezi kuyabeba yote. Lakini sauti yake inapopunguzwa ili msimulizi atamke “aina mbalimbali za samaki”, mjukuu aliyeketi mbele ya skrini hapewi hata jina moja la kwenda kumwulizia bibi yake nyumbani.