Nandy na Ufundi wa Kubana Sauti

Mwaka 2016 Nandy, mwimbaji wa Tanzania mzaliwa wa Moshi ambaye jina lake kamili ni Faustina Charles Mfinanga, alikwenda Lagos kushindana katika Tecno Own the Stage, shindano la karaoke la televisheni. Akarudi na nafasi ya pili. Wengi huitaja safari ile kama bahati iliyomfungulia milango. Mimi naona ulikuwa mtihani wa ufundi, na mgumu kweli.

Bendi ikiwa nyuma yako, ukichelewa kuingia mpiga kinanda atakuzungushia mpaka uingie. Lakini biti ya karaoke imerekodiwa, haimngoji mtu. Lazima ujue mapema utavuta pumzi wapi, mstari upi uuvute na upi uukate, maana pumzi ikikuishia katikati ya neno maiki inanasa kila kitu. Na kamera nayo iko usoni: ukikunja sura kutafuta noti ya juu, mtazamaji sebuleni kwake anaiona shida yako kabla hajaufurahia wimbo.

Nandy hakufika pale mbichi. Alishapikwa THT (Tanzania House of Talent), nyumba ya vipaji aliyoiasisi marehemu Ruge Mutahaba.

Sikiliza Kivuruge, wimbo wa 2017. Sauti yake inaweza kujaza ukumbi, lakini kwenye beti anaibana, anaimba kama anayezungumza na mtu mmoja, kisha anairembesha silabi ya mwisho na kuiachia. Ukitoa nguvu yote ubeti wa kwanza, kiitikio kikifika huna cha kuongeza. Mwaka huohuo alitwaa tuzo ya AFRIMA ya msanii bora wa kike Afrika Mashariki. 2018 ikaja albamu ya The African Princess.

Kubana sauti huku si kugeni kwao Moshi. Machame na Marangu, jirani na mji huo, watoto hukua wakisikia kwaya za Kilutheri zikigawana sauti nne, na mwalimu wa kwaya hamvumilii soprano anayewafunika wenzake. Nidhamu ya namna hiyo naisikia kwa Nandy, hasa katika Wanibariki, EP yake ya injili.

Jambo jingine lisilosemwa sana: viitikio vyake vingi haviendi juu mno. Hata asiye mwimbaji anavifikia bila kukaza shingo. Kwa hiyo katika Nandy Festival, tamasha analolipeleka mikoani, anaweza kuwaachia watu kiitikio waimbe wenyewe, yeye akapanda juu yao na madoido.