Tupa Inayofuata Kona ya Mzizi
Ncha ya tupa namba 10 ina upana wa milimita 0.10. Kwa kifaa hicho daktari wa meno anayetibu mzizi wa gego hutafuta njia ndani yake, na mizizi ya magego ni nadra kunyooka.

Zamani tupa hizo zilikuwa za chuma cha pua. Nyembamba zilipinda vizuri. Shida ilianza unene ulipoongezeka. Tupa nene hutaka kunyooka, hivyo hula ukuta wa nje wa kona, huchonga kidato, na mara nyingine hutoboa mzizi wenyewe.

Mwaka 1988 Harmeet Walia, William Brantley na Harry Gerstein walichapisha jaribio zuri mno: tupa zilizochongwa kutoka kwenye waya wa kupangia meno, wa nikeli na titani. Unyumbufu wake ulikuwa mara mbili hadi tatu ya ule wa chuma. Leo tupa za aina hiyo huzungushwa kwa mota hadi ndani ya kona.

Zikichoka hukatika, tena mara nyingi bila dalili. Ndiyo maana daktari makini hutangulia na tupa ndogo ya mkono, kisha huzikagua nyingine moja moja. Subira hiyo inastahili pongezi. Jino likikuuma, usikimbilie kung'oa. Uliza kwanza kama mzizi unatibika.