Wimbo na Mpira Uliolegea

Kwa miaka kadhaa niliufundisha wimbo mmoja vibaya, na wanafunzi wangu wakaandika yale niliyosema. Wimbo wenyewe ni "Shida", wake marehemu Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Super Volcano. Namwomba msomaji anivumilie nieleze kwanza jinsi nilivyokosea, kisha ndipo niuhakiki wimbo.

Mbaraka alikuwa mpiga gita, mtunzi na mwimbaji. Alipata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, hajatimiza miaka 35. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo cha ualimu, nyimbo zake zilikuwa bado zinapigwa kila palipokuwa na betri. Nami nilikuwa na redio kaseti ya kubeba mkononi, na kanda yenye "Shida".

Nikaipeleka darasani. Hoja yangu ilikuwa kwamba wimbo ule ni maombolezo: sauti nzito, gita linalojikokota, mdundo uliochoka kama mtu apandaye milima ya Umatengo na gunia la kahawa kichwani. Nikasema uzito ule ndio sanaa yenyewe, kwamba mwimbaji amekwisha kata tamaa. Kijana mmoja wa kando ya ziwa, upande wa Liuli, akanyosha mkono. "Samahani, mwalimu. Nyumbani wimbo huu tunaucheza. Nadhani redio inavuta."

Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba mhakiki husikiliza kazi, halaumu chombo. Katika insha yake alishikilia msimamo wake, nami nikampa alama 9 kati ya 20.

Mwaka 1987 nilitelemka Mbamba Bay kukagua mazoezi ya kufundisha. Usiku wa pili redio ikaitafuna kanda. Kijana yuleyule, aliyekuwa akifanya mazoezi katika shule ya jirani, akanipeleka kwa fundi mmoja aliyekaa karibu na wauza dagaa. Fundi akalegeza skrubu, akafungua, akanionyesha mpira mwembamba unaoiunganisha mota na gurudumu la kuzungushia kanda. Ulikuwa umelegea kama mpira wa soksi kuukuu. "Huu umechoka siku nyingi, mwalimu," akasema.

Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, imepangiwa mwendo mmoja tu: sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira ukiteleza, mwendo hupungua. Mwendo ukipungua, sauti nayo hushuka. Ukipungua asilimia 6 tu, wimbo mzima hushuka nusu toni. Hapo nikakumbuka kwamba upande mmoja wa kanda ya dakika 60, ambao ungemalizika kwa dakika 30, kwangu ulikuwa ukichukua dakika 33, nami nilijihesabia bahati ya kuuziwa kanda ndefu! Nikakumbuka pia kwamba Radio Tanzania ilipoupiga wimbo huo, nilidhani ni toleo jingine, jepesi, lisilofikia uzito wa langu.

Fundi akachomoa mpira kutoka katika redio iliyokufa, akaufunga, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. "Shida" ikaanza tena. Sauti ya Mbaraka ikapanda, ikawa sauti ya kijana. Gita lililokuwa likijikokota sasa lilitembea, tena kwa hatua za mtu anayejua aendako.

Basi, leo nauhakiki hivi. Jina la wimbo latangaza dhiki, lakini ala zake zinawaita watu wasimame. Hiyo si kasoro. Muziki wa dansi wa wakati ule ulipigiwa watu waliolipa kiingilio ili wacheze, na habari nzito ilibidi iingie masikioni huku miguu ikiendelea. Anayeomboleza ameketi, anayeiimba shida yake kwa mdundo bado amesimama. Kukata tamaa nilikokusikia mimi kulikuwa kwa mpira.

Wapo wasemao kwamba mdundo wa namna hiyo huwafanya watu wacheze bila kusikia kinachoimbwa. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini kijana wa Liuli aliucheza na akausikia. Mimi niliketi kitini na kalamu mkononi, nisiusikie.

Siku hizi wajukuu huniwekea wimbo huohuo kwenye simu, nao huniambia kwamba simu haina mpira wa kulegea. Sawa, lakini simu hupiga ilichopewa. Kama aliyeunakili wimbo kutoka kwenye kanda alitumia mashine iliyochoka, simu itautunza uchovu ule kwa uaminifu, na yupo atakayeusifu kwa uzito wake. Ndiyo maana mimi sasa siandiki neno juu ya wimbo kabla sijausikia kwenye mashine mbili, na kabla sijamwuliza mtu aliyewahi kuucheza.

Yule kijana alisimama pale kwa fundi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema neno juu ya insha. Aliniuliza tu kama nitapenda chai. Alama zake zilikuwa zimekwisha pelekwa ofisini. Ningeweza kuandika barua mistari mitatu kuzisahihisha, lakini niliona haya. Miaka ikapita, nikawa mkuu mimi mwenyewe, muhuri ukawa mezani kwangu, na bado sikuiandika. Alama zimebaki 9.