Shahidi Asiyesema

Mgonjwa huletwa ndani ya kapu, au ndani ya boksi lililotobolewa matundu, au hukokotwa kwa kamba huku amekita miguu ya mbele mlangoni. Anayeeleza maradhi ni mtu mwingine: "Tangu juzi hali." Mara nyingi hayo ndiyo maelezo yote, na hata hayo si ya kutegemewa sana, kwa kuwa paka wa mtaani hula nyumba tatu, na mwenye mbwa anayefunguliwa usiku hajui mbwa wake ameokota nini jalalani. Daktari wa watu huuliza panauma wapi, pameanza lini, panachoma au panakata, naye hujibiwa. Daktari wa wanyama hupewa shahidi asiyesema, na msemaji ambaye hakuwapo jambo lilipotokea. Ufundi wote wa zahanati ya wanyama ya mtaani, ile yenye chumba kimoja, meza ya chuma na friji ya chanjo, umejengwa juu ya upungufu huo. Kwa sababu umejengwa hapo, nauona kuwa ufundi unaosimama kwa miguu yake, wala si udaktari wa daraja la pili waliogawiwa wanyama baada ya watu kupata wao.

Tazama kazi inavyokwenda. Uchunguzi huanza kabla mkono haujagusa kitu: mbwa anaingiaje, mguu gani anauonea huruma, na kama kichwa chake hupanda kila unyayo mmoja wa mbele unapokanyaga chini, maana mguu ule ndio mbovu. Kisha mdomo hufunuliwa. Ufizi wenye afya ni wa rangi ya waridi. Ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe, na rangi hurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ikichelewa, damu haizunguki inavyopasa. Ufizi mweupe kama karatasi humwelekeza daktari kwenye kupe, au kwenye minyoo ya safura, ambayo inaweza kumnyonya mtoto wa mbwa hadi afe. Wa manjano humpeleka kwenye ini, au kwenye chembe za damu zinazovunjika. Wa kahawia humfanya aulize ni sumu gani imeliwa. Ngozi ya mabegani huvutwa na kuachiwa: ikikawia kulala, maji yamepungua mwilini. Mapigo hutafutwa upande wa ndani wa paja. Kipimajoto huingizwa nyuma, na hapo aliyezoea miili ya watu atakosea, kwa sababu mbwa mzima kabisa anaweza kuwa na nyuzi 39, joto ambalo lingemfanya mama amkimbize mwanawe hospitali. Haya yote hayahitaji umeme, na yote hufanywa juu ya mwili unaotaka kukimbia. Kumshika mnyama ni nusu ya kazi, nusu isiyopata sifa. Bendeji huzungushwa kwenye mdomo wa mbwa, ikapishanishwa chini ya kidevu, ikafungwa nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwani mbwa akitaka kutapika ni lazima aachiwe papo hapo. Mbwa mkubwa aliyejaa hofu hahitaji kupandishwa mezani. Daktari hupiga magoti sakafuni, akakaa ubavuni pake, asimkazie macho.

Paka ndiye mtihani mkubwa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na paka ni hodari wa kuyaficha. Hafichi kwa aibu. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na kuonyesha udhaifu porini ni kumwita adui. Kwa hiyo hulala zaidi, huacha kujilamba, hujikunyata mahali pa giza, na wenye nyumba husema ametulia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal huko Kanada walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachosomwa usoni: masikio yameelekea wapi, macho yamefinywa kiasi gani, mdomo umekazwa vipi, sharubu zimekaaje, kichwa kiko juu au chini ya mabega. Mambo matano, na kila moja hupewa alama. Kwangu kipimo hicho ni ushahidi kwamba jicho la daktari mzoefu halikuwa likibahatisha. Alichokuwa akikiona bila kuweza kukieleza kilikuwapo kweli, kinahesabika, na kinaweza kufundishwa. Ufundi unaofundishika hauna uchawi ndani yake, na heshima yake huongezeka kwa sababu hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba mashine zitaumaliza ufundi huu, na zahanati yenye kipimo cha damu na picha za tumbo haina haja ya vidole. Mashine na zije. Kuna uvimbe ambao hakuna kidole kitakachoufikia. Lakini mashine hujibu swali lililoulizwa, na swali hutoka mkononi. Pingamizi lililo zito zaidi hutoka kona ya pili ya mtaa, kwenye duka la dawa za mifugo. Kwa nini ulipie kumwona daktari wakati muuzaji atakupa sindano au kidonge kwa nusu ya bei? Sitaki kumdharau muuzaji huyo. Mahali pengi ndiye pekee aliye karibu. Ila dawa ni nusu tu ya tiba, na nusu nyingine ni kujua imwendee nani. Chukua panado, kidonge kilichomo katika kila nyumba. Paka ana homa, mwenye paka anamwonea huruma kama anavyomwonea mtoto, anamsagia kidonge kimoja cha miligramu 500. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la mtu au hata la mbwa. Saa chache baadaye ufizi unageuka kahawia, kwa kuwa damu imeshindwa kubeba hewa, uso unavimba, na kidonge kile kile kilichomshusha mtoto homa kinaweza kumwua paka. Au chukua dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin, akapakwa paka kwa sababu kupe ni wale wale: paka hutetemeka, hushikwa na degedege. Katika visa vyote viwili hapakuwa na ukatili wala uzembe, bali upendo mtupu uliokosa kujua kwamba paka si mbwa mdogo na mbwa si mtu mdogo. Ujuzi huo ndio unaolipiwa kwa daktari, na kwa maoni yangu ada yake ni ndogo kuliko ilivyostahili kuwa.

Wengine huuliza kwa hasira, na hasira yao ina haki: mtoto wa jirani amekosa dawa, nawe unampigania mbwa? Tena Pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na wako wanaoona kwamba kumhudumia ni kujitafutia taabu. Pemba imekwisha kulijibu swali hili. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikizunguka kisiwani humo, kikiua mbwa na watu. Mbwa wakachanjwa, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena, watu wakaumwa tena, hadi mbwa wa kisiwa kizima walipochanjwa upya na ugonjwa kwisha Oktoba 2018. Kisiwa cha Waislamu kilijikinga kwa kuwachanja mbwa, na sheria ya najisi haikuvunjwa na yeyote, kwani sheria hiyo inaelekeza namna ya kujitwaharisha. Haikuamuru mbwa atupwe. Mtume mwenyewe alisimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo anayemchanja mbwa tayari anamtibu mtoto wa jirani, kabla mtoto hajaumwa. Na hapa jicho lina kazi kuliko popote, kwa sababu kichaa hakiji kila mara kwa povu na ukali. Kuna mbwa anayeletwa mpole, taya limelegea, mate yanachuruzika, na mwenye mbwa anasema amekwamwa na mfupa, anataka kumtia mkono kooni autoe. Daktari anayemzuia mkono mtu yule ameokoa maisha, na hakuna daftari litakalouandika uhai huo.

Imebaki kazi moja ambayo udaktari wa watu katika nchi zetu hauijui. Mbwa mzee ambaye uvimbe umemla taya, asiyeweza tena kumeza, daktari wa wanyama anaruhusiwa kumpumzisha. Wapo wanaoona kwamba hapo ufundi umeshindwa. Naona hapo ndipo unapodaiwa ukamilifu, maana sindano iliyokosea mshipa huongeza maumivu kwa mnyama ambaye aliletwa aondolewe maumivu. Nywele za mguu wa mbele hunyolewa kidogo. Msaidizi hubana kwa kidole gumba kwenye kunjo la kiwiko ili mshipa ujitokeze. Wenye mbwa huambiwa mapema kwamba macho hayatafumba yenyewe, na kwamba huenda kifua kikashtuka mara moja baada ya uhai kuondoka, ili wasidhani ameamka. Dawa huingia polepole. Kisha daktari huweka chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, ingawa hakuna anayemharakisha na jibu analijua.