Kigawo 641

Zidisha mbili thelathini na mbili zenyewe kwa zenyewe, kisha ongeza 1. Utapata 4,294,967,297. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliamini kwamba namba hiyo ni tasa. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kuhusu namba za ukoo mmoja na hiyo: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hizo tano ni tasa kweli, naye akaona ya sita haiwezi kuwa vingine. Uthibitisho hakuwa nao, na hakuficha hilo.

Kauli yake ilidumu zaidi ya miaka 90. Anayetaka kuipima kwa nguvu tupu atagawanya kwa namba tasa zote zisizozidi 65,536, nazo ni 6,542. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 aliyefanya kazi St. Petersburg, alitangaza kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Njia aliyopita aliieleza miaka mingi baadaye, na humo ndimo ufundi ulimo. Alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo moja linaondoa karibu orodha nzima. Zinazosalia zinaanza na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, na mgawanyo unatoka bila baki! Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas akakaza sharti zaidi: badala ya 64, weka 128. Sasa 641 inakuwa ya pili, baada ya 257.

Mvuvi hodari hutambulika kwa kujua pasipo na samaki. Euler hakuwashinda wenzake kwa kugawanya sana. Aliwashinda kwa kujua asipohitaji kugawanya.

Na ukishaijua 641, huhitaji hata kugawanya. Ni 640 ongeza 1. Pia ni 625 ongeza 16. Tuite 2 kwa kipeo cha 28 herufi N. Kwa kuwa 640 ni 5 mara 128, 640 kwa kipeo cha 4 ni 625N. Ukiongeza 16N, ambayo ndiyo 2 kwa kipeo cha 32, unapata 641N. Sasa toa 1 kwenye 625N: kinachobaki kinagawanyika kwa 641, maana 640 mara 640, ukitoa 1, ni 639 mara 641, na zao hilo hugawanya bila baki 640 kwa kipeo cha 4 ukitoa 1. Kiondoe kwenye 641N; inabaki 16N ongeza 1, yaani namba yetu yenyewe. Vyote viwili vinagawanyika kwa 641, basi na tofauti yao pia.

Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu kuliko mwingine wowote. Fermat alikuwa gwiji, lakini ugwiji wake haukuweza kuilinda kauli isiyo na uthibitisho. Mwanafunzi mwenye kalamu na subira anaweza kuupima uamuzi wa Euler mwenyewe, mstari kwa mstari, bila kumwomba mtu ruhusa, na akiafiki, ameafiki kwa haki.