Je, kuishi kando ya barabara kuu kunaharibu ubongo? Tuusome utafiti wa Ontario

Huenda umeshakutana na kichwa cha habari kinachosema ukiishi karibu na barabara kuu utapata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Utafiti unaotajwa sana hapo ni wa Hong Chen na wenzake, uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2017. Hebu tuupime wenyewe, tusiishie kwenye kichwa cha habari.

Watafiti walifuatilia wakazi wa jimbo la Ontario, Kanada, kuanzia 2001 hadi 2012. Waliokaa ndani ya mita 50 kutoka barabara kuu walikuwa na hatari ya dimenshia iliyozidi kwa 7% ile ya waliokaa zaidi ya mita 300. Kati ya mita 50 na 100 ikawa 4%, na hadi mita 200 ikawa 2%. Unaona? Hatari inapungua kadiri unavyosogea mbali. Hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huu. Tena, ugonjwa wa Parkinson haukuonyesha uhusiano huo, kwa hiyo si kwamba wa barabarani wanaugua kila kitu.

Sasa kasoro. Kwanza, magazeti yalipenda kutaja watu milioni 6.6. Lakini hesabu ya dimenshia ilihusu kundi la miaka 55 hadi 85 tu, kama milioni 2.2. Bado ni wengi, ila tuseme ukweli. Pili, watafiti hawakuwa na taarifa za mtu mmoja mmoja kuhusu sigara, elimu au mazoezi. Walizikadiria kwa hesabu. Tatu, barabara haileti moshi peke yake. Inaleta pia kelele na usingizi wa mang'amung'amu. Kipimo cha umbali hakiwezi kuvitenganisha hivyo vyote.

Na ile 7%, usiisome vibaya. Haimaanishi watu 7 kati ya 100 wataugua kwa sababu ya barabara. Maana yake ni kwamba, mambo mengine yakiwa sawa, pale ambapo wangeugua 100, wataugua kama 107.

Kwa hiyo tuupuuze? Hapana. Mwaka 2020, kamisheni ya jarida hilohilo iliweka uchafuzi wa hewa kwenye orodha ya vihatarishi 12 vya dimenshia vinavyoweza kupunguzwa, na haikutegemea utafiti huu mmoja. Kwako wewe binafsi ongezeko ni dogo. Kwa jiji zima, ni wagonjwa wengi. Sigara unaweza kuiacha mwenyewe. Barabara iliyopita mlangoni kwako huwezi kuihamisha. Ndiyo maana swali la hewa safi tuwapelekee wanaopanga miji na wanaopitisha magari yanayotoa moshi mweusi, badala ya kumtisha bibi mwenye nyumba yake kando ya lami.