Kushuka Uvira kutoka Nyantende: barabara moja, kalenda tatu

Anayetaka kutoka Nyantende kushuka Uvira, na pengine kuendelea kando ya ziwa Tanganyika mpaka Baraka, mara nyingi huchagua tarehe kwa kutazama mbingu ya kwao. Mvua imekoma, njia za mtaani zimekauka, basi gari litafutwe. Hesabu hiyo ni pungufu. Barabara hii hupita mlimani, ikashuka bondeni, ikamalizikia ufukweni, na kila kipande kina kalenda yake. Mlima unaweza kuwa umekwisha kufunguka huku ufuko ungali ndani ya maji. Tuvipime kimoja kimoja, kisha tuone ni majuma gani vyote vitatu hukubaliana.

Mlima: kinachoamua ni udongo

Nyantende iko kusini ya Bukavu, juu ya usawa wa ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari. Huku mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, ikipungua kidogo Januari na Februari. Juni na Julai ndiyo miezi mikavu hasa. Agosti, hasa mwishoni, matone huanza kurudi.

Watu wengi huhesabu miezi hii tisa kama kitu kimoja, nayo inatofautiana sana. Mvua ya Septemba huangukia ardhi yenye kiu; inateleza juu ya vumbi, inachimba mifereji, lakini sehemu kubwa hunywewa. Mvua ya Aprili hukuta udongo umeshiba miezi saba. Hauna tena pa kuweka maji, kwa hiyo mlima wenyewe unaanza kusogea. Ndiyo maana maafa makubwa ya mkoa wetu hutokea mwishoni mwa msimu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua iliangusha mito na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, kwenye barabara ya Bukavu–Goma inayofuata ufuko wa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa. Kwenye kalenda, Mei ni mwezi ambao mvua inaaga. Kwenye mteremko, ni mwezi wa hatari.

Kwenye njia yetu kipimo cha mlima ni Ngomo, ule mteremko wa kona kati ya Nyangezi na Kamanyola. Ukitaka kujua hali yake, mtazame konvoyeri, msaidizi wa shofere, wa kamyo inayopanda. Udongo ukiwa mkavu, anakaa juu ya mzigo. Ukiwa umelowa, anatembea nyuma ya gari akiwa amebeba gogo, tayari kulisukumia chini ya gurudumu pindi kamyo ikianza kurudi nyuma. Magari mawili yakikutana kwenye kona ya namna hiyo, moja limekwama, waliobaki nyuma watalala hapo. Ndiyo sababu miaka mingi wenye uwezo na karatasi wamekuwa wakivuka mto Ruzizi, kupita lami ya Rwanda mpaka Bugarama, kisha kuingia tena Kongo kwa Kamanyola. Njia hiyo inakuepusha na matope, lakini unavuka mpaka mara mbili, na saa za mpaka ndizo zitakazoamua saa yako ya kufika.

Kwa mlima peke yake, basi, jibu ni kuanzia katikati ya Juni. Mapema zaidi ya hapo mvua imekoma lakini mteremko haujakauka ndani.

Bonde: jua linaweza kudanganya

Ukishuka Ngomo, nguo nzito hazina kazi tena. Kutoka Kamanyola kupitia Luvungi na Sange mpaka Kavimvira ni bonde la Ruzizi, nchi ya joto, ya mpunga na ng'ombe, yenye mvua chache kuliko Bukavu. Msafiri anayeona bonde limekauka hudhani barabara ni salama. Lakini tatizo la bonde hutoka milimani. Upande wa magharibi milima ya Mitumba imesimama karibu kabisa, ikipanda zaidi ya mita 3,000 kule Itombwe. Mito inayotoka huko ni mifupi na mikali. Mvua ikinyesha juu, maji hufika barabarani baada ya muda mfupi, yakiwa na mawe na magogo, na wewe uliye chini hukuona hata wingu.

Uvira ililipa hesabu hiyo usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe, unaokata mji katikati, ulifurika. Makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Huo nao ulikuwa Aprili, udongo umeshiba.

Hapa kuna kanuni ya saa, ambayo ni muhimu sawa na kanuni ya mwezi. Sehemu kubwa ya mvua za milima hii hunyesha mchana kuelekea jioni. Mto uliojaa jioni mara nyingi umeshuka asubuhi. Shofere mzoefu akifika kwenye kivuko hasomi kina peke yake, anatazama rangi. Maji ya kahawia yanayobeba majani na vijiti ni maji yanayopanda. Yakianza kupauka, na mstari wa matope ukabaki juu kwenye nguzo za daraja, yanashuka. Subira ya saa moja inaweza kutosha. Ukilazimika kusafiri msimu wa mvua, toka Nyantende alfajiri ili uwe umevuka mito yote kabla ya saa nane mchana.

Ufuko: ziwa huchelewa

Kipande cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi. Tanganyika haipandi siku mvua inaponyesha. Hukusanya maji ya nchi nne zilizolizunguka pamoja na yale ya ziwa Kivu, yanayoteremka kwa Ruzizi karibu sambamba na msafiri wetu. Ziwa hupanda polepole msimu mzima, likafika juu kabisa mwishoni mwa Aprili au Mei, kisha huanza kushuka na kufika chini kabisa karibu na Oktoba na Novemba. Tofauti kati ya juu na chini katika mwaka wa kawaida inakaribia mita moja. Kwenye ufuko wa tambarare kama wa Kavimvira, mita moja ni nyumba, mashamba na barabara.

Kushuka kwake ni kwa taratibu kwa sababu mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga kule Kalemie. Mlango huo una historia ya kuziba. Mvumbuzi Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umejaa mchanga na mimea. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda hadi likavunja kizuizi na kumwaga maji kuelekea mto Kongo. Leo bado kila kiasi cha mchanga kinacholala Lukuga kinachelewesha Uvira kukauka.

Kwa hiyo Nyantende inapofurahia jua la mwisho wa Mei, Uvira iko kwenye kilele cha maji. Mwaka 2021 na tena 2024, miaka ambayo ziwa lilipanda kupita kawaida, watu wa Kavimvira na Kalundu walikuwa ndani ya maji siku ambazo hapakuwa na wingu juu yao. Zaidi ya hapo, kuanzia Mei upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, na mawimbi yake hupiga ufuko. Ziwa likiwa juu na upepo ukiwa mkali, vipande vinavyopita karibu na maji kati ya Makobola na Mboko hupigwa pande mbili: mito kutoka mlimani, mawimbi kutoka ziwani.

Kiangazi nacho kina deni lake

Mpaka hapa inaonekana jawabu ni kuchelewa kadiri iwezekanavyo ndani ya kiangazi. Lakini kila juma linalopita linaleta gharama mpya. Vumbi huongezeka, na watu wanapochoma nyasi moshi hujaa bonde. Milima ya Burundi ng'ambo ya Ruzizi hupotea machoni. Shule zikifungwa Julai magari hujaa. Kisha barabara kavu huwapa mashofere mwendo. Tarehe 2 Julai 2010, katikati ya kiangazi, kamyo ya mafuta ilipinduka Sange. Mafuta yakamwagika, watu wakakusanyika, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Barabara ikiwa nzuri, shofere asipewe sababu ya kuharakisha: mlipe kwa safari, si kwa idadi ya mizunguko ya siku.

Anayefuata ndakala, dagaa wa ziwa hili, naye apime vizuri. Nchi za Tanganyika zimekubaliana kulipumzisha ziwa, na Tanzania ilisimamisha uvuvi tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Miezi mizuri kwa barabara inaweza kuwa mibaya kwa sahani.

Ushauri unaotoka pwani ya bahari nao usiletwe huku mzima mzima. Mombasa na Zanzibar, Januari na Februari ni miezi ya kaskazi, mikavu na ya kutembea. Kwetu bado ni mvua, japo iliyopungua. Tunalofanana ni hatari ya Aprili na Mei: Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi.

Hesabu ya mwisho

Mlima unataka tusubiri mpaka katikati ya Juni. Bonde linataka tukwepe Machi mpaka Mei. Ufuko unataka ziwa lipewe muda wa kushuka. Vumbi, moshi na mvua za mwisho wa Agosti vinataka tusichelewe. Vinakutana kuanzia juma la mwisho la Juni mpaka juma la kwanza la Agosti. Mwaka ambao ziwa lilipanda sana, sogeza mwanzo mpaka katikati ya Julai.

Anayeshindwa kupata nafasi hiyo asikimbilie Mei kwa sababu jua limetoka. Nafasi ya pili ni mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari: mvua zimepungua kidogo, udongo haujashiba kama wa Aprili, na ziwa halijafika kileleni. Ya tatu ni Septemba, ukikubali kuteleza Ngomo. Ziwa liko chini na vumbi limeoshwa. Mwezi wa mwisho kabisa kuuchagua ni Aprili.

Hesabu hii yote ni ya maji na udongo. Vita haifuati kalenda hiyo. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba mwaka huo mapigano yalishuka bonde la Ruzizi mpaka Uvira. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mvua, uliza waliopita juzi. Kisha piga simu tatu: kwa mtu aliye Nyangezi akwambie hali ya Ngomo, kwa aliye Sange akwambie hali ya mito, na kwa aliye Kavimvira akwambie maji yamefika wapi. Mmoja wao akisema hapana, ahirisha, hata kama Nyantende kuna jua.